Nasaba ya Korongo wa Ruma Imo Kinyesini

Ukimtajia mtu wa pwani neno korongo, huenda fikira zake zikaenda kwa yule ndege mwenye miguu mirefu, ama kwenye bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Lakini yuko korongo wa tatu, na huyo ndiye tunayetaka kumzungumza leo. Ni mnyama wa porini wa jamii ya swala, mwenye umbo la kukaribia farasi. Rangi yake ni hudhurungi iliyopauka, uso wake mweusi una mabaka meupe, masikio yake ni marefu, na pembe zake zimepinda kuelekea mgongoni. Ni ndugu wa karibu wa palahala, yule mnyama wa milima ya Shimba ambaye watu wa Kwale wanamjua, na ambaye dume lake likishakomaa huwa jeusi.

Katika Kenya nzima korongo amebakia mahali pamoja tu, nako ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, si mbali na Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1970 bonde hilo lilikuwa na korongo zaidi ya 200. Hesabu ya wanyamapori iliyofanywa nchini kote mwaka 2021 iliwakuta 15. Kumi na tano, ndugu msomaji! Ni idadi ambayo mchunga mbuzi angeimaliza kuihesabu kabla kikombe chake cha kahawa hakijapoa.

Walipokuwa 200, suali lilikuwa ni wangapi. Wakisalia 15 huzuka suali jingine lililo gumu zaidi: ni nani kwa nani? Yupi ni mama wa yupi, na lile dume moja linalopanda majike yote ni ndugu yao au si ndugu yao? Mnyama akizaana na walio wa tumbo moja naye, kizazi baada ya kizazi, ndama huzaliwa dhaifu, maradhi huwapata upesi, na mwisho uzazi wenyewe hupungua.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa thamani ya nasaba. Zimo nyumba Lamu, Mombasa na Unguja ambamo shajara ya ukoo imehifadhiwa vizazi na vizazi, imeandikwa kwa wino, na mtoto akifikia umri wa kuelewa huonyeshwa jina lake limeangukia tawi gani. Korongo hana karatasi wala wino. Shajara yake anaichukua mwilini mwake, na kila siku huiacha majanini mafungu mafungu, katika kinyesi chake.

Msomaji asikunje uso. Kwetu kinyesi ni najisi, na kikigusa kanzu mtu hasimami kusali mpaka aitoharishe. Hukumu hiyo iko pale pale. Lakini tabibu wa zamani alikuwa akiuliza habari za choo cha mgonjwa kabla ya kumpa dawa, na msasi aliyeujua msitu wake alikuwa akitazama mavi ya mnyama na kusema huyu amepita leo alfajiri, alikuwa amekula majani gani, na ameelekea upande gani. Wataalamu wa siku hizi wameishika njia ile ile ya msasi, ila wao wamekwenda mbali zaidi.

MLIMO NDANI YA KIGOLOLI

Utumbo wa kila mnyama umetandikwa ngozi laini kwa ndani, na chembe za ngozi hiyo hubanduka kila siku. Chakula kilichokwisha kusagwa kinapopita huzikokota chembe hizo, na kinyesi hutoka kikiwa kimepakwa utelezi wenye chembe za mnyama mwenyewe. Kinyesi cha korongo ni vigololi vyeusi vinavyofanana na vya mbuzi, na kile kijiutando kinachong'aa juu ya kigololi kibichi ndicho kinachotafutwa.

Ndani ya kila chembe mna vinasaba, ambavyo duniani kote hutajwa kwa herufi tatu, DNA. Huo ndio waraka wa urithi. Nusu ya waraka huo mnyama ameupata kwa baba na nusu kwa mama. Tena kuna kipande kingine kidogo kilicho pembeni ya kile kikuu, ambacho mtoto hukipata kwa mama peke yake. Kwa hivyo mtaalamu huweza kumfuata mnyama kuumeni na kuukeni, kama anavyofanya mzee anayejua nasaba za mji wake.

Tabu ilikuwa moja. Vinasaba vilivyomo kinyesini ni vichache, vimekatikakatika, na vimechanganyika na vya majani aliyoyala mnyama na vya vijidudu vya tumboni. Ni kama barua iliyochanika vipande na kutupwa ndani ya gunia la makaratasi ya watu wengine. Mlango ulifunguka mwaka 1983, pale Mmarekani Kary Mullis alipobuni njia ya kukichukua kipande kidogo cha DNA na kukinakili mara mamilioni ndani ya kichupa, mpaka kiwe kingi cha kutosha kusomeka. Kwa kazi hiyo alipewa tunzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1992, kundi la wataalamu ambamo alikuwamo Svante Pääbo lilitangaza kwamba limesoma vinasaba vya dubu wa kaskazini ya Italia kutoka katika mavi yao, dubu ambao walikuwa wamebakia wachache mno na kuwaona kulikuwa kwa shida.

Tangu hapo kazi hii imeenea, na namna yake si ngumu kueleza. Bwana nyama au mtaalamu hutoka mapema asubuhi na kulitafuta kundi. Akiliona hulitazama kwa mbali, husubiri liondoke, kisha huenda pale liliposimama. Huvaa glavu ili vinasaba vya mkono wake visichanganyike na vya mnyama. Huokota vigololi vibichi, huvitia katika kichupa chenye spiriti au chenye punje za kunyonya unyevu, na huandika tarehe na mahali. Inambidi afanye haraka, kwani jua kali huviunguza vinasaba, mvua huviosha, na mende wa mavi nao hawangoji.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba mnyama mwenyewe haguswi. Kumpiga mnyama mkubwa sindano ya usingizi ili kumtoa damu ni jambo lenye hatari. Huweza kuanguka vibaya, huweza kukimbia mpaka mwili wake ukapata joto la kumuua, na jike lenye mimba huweza kuiharibu. Mwenye korongo 2,000 huenda akaivumilia hasara ya mmoja. Mwenye 15 hana mmoja wa kupoteza.

BONDE LA LAMBWE NA JIRANI ZAKE

Msafiri atokaye Mombasa na kuvuka nchi nzima mpaka ziwani ataliona bonde la Lambwe limelala kati ya milima ya Gwasi na kingo za Kanyamwa. Ni nchi ya majani marefu na miti ya migunga, na udongo wake mweusi hunata kama gundi mvua inyeshapo. Mahali hapa palitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 pakapandishwa daraja kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 120, nalo limezungukwa na mashamba na miji ya watu.

Ukishuka kusini unaingia Kaunti ya Migori, na huko, kaskazini magharibi ya mji wa Migori, ndiko ziliko kuta za Thimlich Ohinga, zilizotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta hizo zimejengwa kwa mawe matupu yaliyopangwa bila ya chokaa wala udongo, na watu waliishi ndani yake pamoja na mazizi ya mifugo yao. Sisi tuliozoea magofu ya Gede yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa hatuna budi kustaajabu kuona mawe makavu yamesimama karne nyingi. Ukuta wa namna hiyo unatueleza jambo moja: katika nchi hii mtu, ng'ombe na mnyama wa porini wamekuwa majirani tangu zamani, na kila mmoja alijua mpaka wake.

Kilichomlinda korongo wa Lambwe kwa muda mrefu ni adui wa binadamu, nzi anayeitwa mbung'o. Mbung'o huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na kwa kumwogopa yeye wakulima na wafugaji waliliacha bonde. Mbung'o alipopigwa vita, watu walisogea. Nani atawalaumu? Ardhi ni riziki. Lakini kila shamba lilipoongezeka malisho ya korongo yalipungua, na njia za kutokea kwenda kwingine zikafungwa. Zamani korongo walionekana hata katika nchi ya Maasai Mara, nao huko wamekwisha. Wa Ruma wakabaki kama watu waliokwama kisiwani, na mashua zimeondoka.

Kisha kuna mtego wa waya. Mwenye kuutega hakumkusudia korongo, pengine alitaka kitoweo cha swala mdogo au tohe. Lakini wahenga walisema, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Waya hauchagui, na korongo akishaingiza shingo au mguu humalizika taratibu. Kundi la mamia lingeweza kuihimili hasara hiyo. Kundi la 15, kila mtego ni msiba wa ukoo mzima.

MAMBO YALIYOKWISHA ONEKANA KWINGINE

Kazi hii ya kusoma nasaba kinyesini si ndoto. Hapa hapa Kenya iko habari ya bongo wa milimani, yule mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe anayejificha katika misitu minene ya Aberdare na Mlima Kenya. Mtu huweza kutembea wiki nzima asimwone hata mara moja. Wataalamu, wakiwamo Wakenya, waliokota kinyesi msituni, wakakisoma, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo yake. Waliweza kuthibitisha kwamba bongo bado wako, lakini pia waligundua kwamba tofauti za vinasaba vyao ni chache sana. Yaani mti ulikuwa bado umesimama, ila matawi yake mengi yalikuwa yamekwisha katika.

Kisa cha pili ni cha Angola, nacho kinamhusu korongo mwenyewe. Nchi hiyo ina palahala mkubwa kuliko wote, mwenye pembe ndefu za kutisha, ambaye ni nembo ya taifa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu tangu 1975 hadi 2002, na vilipokwisha watu wengi waliamini kwamba mnyama huyo ametoweka. Mtafiti Pedro Vaz Pinto na wenzake walipita katika hifadhi ya Cangandala wakiokota kinyesi. Vinasaba vikasema: yuko, naye ni yeye hasa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2006, na kamera zilizofichwa porini nazo zikampiga picha.

Lakini furaha ilikuja na huzuni yake. Katika kundi lililobaki Cangandala palikuwa na majike bila ya dume la kwao. Wakajichanganya na dume la korongo, na wakazaliwa watoto walio nusu palahala, nusu korongo. Ndugu msomaji, tazama upweke unavyoweza kumfikisha mnyama! Mwaka 2009 ilibidi dume la palahala likamatwe katika hifadhi ya Luando na kuletwa Cangandala, ili majike yaliyosalia yapate mume wa jinsi yao. Kama nasaba isingesomwa mapema, huenda ukoo mzima ungeyeyuka ndani ya ukoo mwingine.

Kisa cha tatu kinafika mpaka bandarini kwetu. Profesa Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walikusanya kinyesi cha tembo kutoka sehemu nyingi za Afrika, wakachora ramani ya vinasaba: tembo wa mahali fulani wana alama hizi, wa mahali fulani wana zile. Pembe zinapokamatwa zikiwa njiani kwenda ng'ambo, kipande kidogo cha pembe husomwa na kulinganishwa na ramani ya kinyesi. Mwaka 2015 walionyesha kwamba pembe nyingi za tembo wa mbuga zilizokamatwa kwa shehena kubwa katika miaka ya karibu zilitoka kusini mashariki ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Mwizi aliyedhani pembe haina mdomo alikuta kinyesi kimetoa ushahidi.

Mwaka huo huo wa 2015 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilifungua maabara yake ya vinasaba mjini Nairobi. Humo hata kipande cha nyama kisicho ngozi wala kwato huweza kujulikana kama ni cha mbuzi au cha mnyama wa porini. Kwa watu wanaojali nyama wanayoila ni ya mnyama gani, faida hiyo haihitaji maelezo marefu.

DAMU MPYA ITOKE WAPI?

Sasa turudi Ruma. Kundi dogo lililozungukwa pande zote haliwezi kujitibu lenyewe ikiwa ndugu wamekwisha zidi. Dawa inayojulikana ni kuleta wageni. Ukivuka mpaka kule Isebania, upande wa Migori, unaingia Tanzania, na katika mbuga za Tanzania, kama Ruaha na Katavi, korongo bado wako. Lakini haifai kumkokota mnyama yeyote kutoka popote. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba korongo wa Afrika Magharibi wamejitenga mbali na korongo wa sehemu nyingine za bara. Ukimleta asiyelingana unaweza kuiharibu nasaba unayodai kuiokoa. Kabla ya kuoza mtoto, wazee huuliza. Hapa pia yafaa kuulizwa, na mwenye jibu ni kinyesi cha pande zote mbili.

Kinyesi kinaweza kutoa majibu mengine pia. Kikikusanywa mara kwa mara kinaweza kuonyesha idadi ya kweli, kwani kila mnyama ana alama zake na yule yule hahesabiwi mara mbili. Kinaweza kueleza ni dume au ni jike, ni dume gani limezaa na lipi halikuzaa, mnyama anakula nini, na ana minyoo gani tumboni. Kazi hii ina taabu zake, wala tusifiche. Ruma imejaa nyamera, kongoni, kuro na tohe, na vigololi vya mmoja huweza kudhaniwa ni vya mwingine mpaka maabara ipitishe hukumu. Na kwa kuwa vinasaba vya kinyesini ni dhaifu, kila sampuli husomwa tena na tena kabla ya kuaminiwa. Shahidi mmoja hatoshi.

Tena pwani tuna somo letu wenyewe katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 korongo walichukuliwa kutoka milima ya Ithanga, upande wa Thika, wakaletwa milima ya Shimba wakae pamoja na palahala. Leo hakuna korongo hata mmoja Shimba. Kumhamisha mnyama ni siku moja ya magari na kamba, lakini kumfanya astawi ni kazi ya miaka, na mwenye kuifanya gizani hajui alipokosea.

Na palahala wetu je? Hesabu ile ile ya 2021 iliwakuta 51 tu, wote katika Shimba, na Kenya haina wengine. Hamsini na mmoja ni wengi kuliko 15, lakini njia ya kutoka 51 kwenda 15 ni fupi, na korongo wa Ruma ameipita mbele ya macho yetu. Yanayomsibu ndugu wa ziwani leo yanaweza kumsibu wa Kwale kesho. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Kwa hivyo ukisikia kwamba yuko mtu mwenye elimu yake anayeinama majanini huko Lambwe, kijiti mkononi, akiokota mavi ya mnyama na kuyatia chupani kwa uangalifu kama aokotaye lulu, usimcheke. Anasoma shajara ambayo haikuandikwa mahali pengine popote. Lakini elimu hiyo peke yake haimzuii mtega waya, wala haipanui malisho. Kujua nasaba ya mgonjwa kunasaidia pale tu mgonjwa anapokuwa hai. Mitego iondolewe, majirani wa hifadhi waone faida ya kuwa na mnyama huyu, na kinyesi kisomwe mapema. Shajara isomwe wakati ukoo bado unaongezewa majina, kwani ikisomwa baada ya hapo itakuwa orodha ya marehemu.